Simu ya Chumba cha Kabichi

Kama kuna harufu ninayoichukia duniani, ni ya kabichi iliyoozea kwenye maji yake ya chumvi. Inaingia puani, inakaa kooni, na ukifika nyumbani ukavua nguo, nguo nazo zinanuka. Basi ndani ya harufu hiyo ndimo ilimowekwa simu ya wananchi wa mji wetu wa Vrelac, ilie peke yake mpaka ichoke. Mnadhani natia chumvi? Subirini.

Mimi naitwa Grozda. Mwaka wa kumi na tisa huu ni mpika kahawa wa kiwanda cha joto cha mji, kile kinachochemsha maji na kuyapitisha chini ya barabara hadi kwenye redieta za nyumba za watu, yale mabomba ya ukutani yanayotia joto vyumbani. Wenzangu wana vyeo, mimi nina sinia. Lakini sinia huingia kila mlango, na mbele ya mpika kahawa watu husema kama wako mbele ya kabati. Hivyo haya yote sikuhadithiwa. Ila habari yenyewe si yangu, ni ya Bosiljka.

Bosiljka aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini na miwili, akawekwa kwenye swichibodi. Siku hizo ilikuwa meza ya mbao yenye matundu na nyaya, naye ameketi mbele yake mgongo wima kama yuko kanisani. "Kiwanda cha joto, nakusikiliza." Hakuwahi kusema "haloo" wala "nani?" Alizijua sauti za mji mzima. Mtu akisema neno moja tu, Bosiljka anamwuliza, "Mama Smilja, goti limepona?" Akila, alitafuna kwa shavu moja ili shavu la pili liwe tayari kuongea. Nilikuwa namcheka.

"Wewe cheka," alikuwa akiniambia. "Simu inayolia ni mtu amesimama mlangoni kwenye baridi. Wewe humfungulii?"

Kisha swichibodi ikang'olewa. Likaletwa sanduku jeusi, jembamba, upana wake kama sinia langu, likafungwa ndani ya kabati la chuma karibu na mita za umeme. Mafundi wana jina lao. Sisi tuliliita lango, kwa sababu kila simu inayotoka mjini hupita hapo, na lango ndilo linaloamua iende kwa nani. Mkurugenzi wa wakati ule akamwambia, "Bosiljka, sasa nenda kalee wajukuu." Hana mjukuu, hakuolewa, na huyo bwana alijua. Kila Jumamosi kwa miezi minne Bosiljka alipanda basi kwenda mji wa Niš, akakaa darasani na vijana waliomwita bibi, akarudi anaweza kuliamuru lango lile kuliko aliyeliuza. Alikuwa na miaka hamsini na moja.

Mimi sijui mitambo, ila alinieleza nikaelewa. "Ni mlinzi wa geti aliyepewa karatasi," alisema. "Simu ikija, anaisoma karatasi kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza unaolingana na simu hiyo, anautii huo huo, ya chini haisomi. Kwa hiyo ukivuruga mpangilio, umewavuruga watu." Alikuwa na daftari la hesabu, kila kimraba tarakimu moja. Kwanza aliandika kwa penseli, ndipo akaandika kwenye kompyuta, kisha akasimama ukumbini na simu yake ya mkononi, akijaribu mstari mmoja mmoja. Wateja wakipiga namba ya malalamiko, ile iliyochapwa nyuma ya kila ankara, simu ilikwenda chumba cha zamu. Zamu wakiwa na kazi, ilikwenda kwake. Yeye akiwa hayupo, ilikwenda kwa mlinzi wa mlangoni. Hapakuwa na simu iliyopotea.

Na alikuwa na desturi yake moja. Lango, alisema, lina kumbukumbu ya sasa na kumbukumbu ya kudumu. Ukiandika badiliko linaanza kazi papo hapo, lakini usipolihifadhi kwenye ile ya kudumu, umeme ukikatika lango linasahau na kurudi lilivyokuwa. Wengine huhifadhi hapo hapo. Bosiljka alikuwa haweki kitu cha kudumu mpaka kilale siku nzima bila kuleta kasoro. "Unga unaachwa uumuke kwanza," alisema.

Tukaishi hivyo, mpaka tukaletewa Ratomir Škorić.

Ptuu! Hata kumtaja kunanikera. Alikuwa muuza vigae, chama chake kikashinda, akaamka mkurugenzi wa joto. Mtu hajui vali ya bomba ni kitu gani. Kahawa bila sukari, maziwa pembeni, kisha analalamika maziwa yamekaa pembeni. Asubuhi moja ya Novemba nilimkuta na Bosiljka ofisini, nikaweka vikombe pole pole ili nisitoke haraka.

"Bosiljka, hawa watu wa zamu wanapigiwa simu mno. Hawapumui."

"Kupokea simu ndiyo kazi yao, mkurugenzi. Watu wana baridi."

"Sikiliza. Kuna watu, na kuna watu. Hilo lango linamjua anayepiga?"

"Linaijua namba yake."

"Basi!" Akamsukumia karatasi. "Hawa arobaini waende zamu moja kwa moja. Wengine waende mahali."

"Mahali gani?"

"Popote penye simu. Sheria inataka simu iite, haikusema lazima ipokelewe. Kantini ya zamani si ina simu?"

"Imefungwa, mkurugenzi. Mna mapipa ya kabichi tu mle."

"Kabichi haina masikio? Iwasikilize hiyo!" Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisosi. Niliifuta. Ndiyo kazi yangu, kufuta.

Hayo mapipa nayo yana habari yake. Kila vuli chama cha wafanyakazi hununua kabichi kwa jumla, inachachuliwa kwenye mapipa, na kila mfanyakazi anachukua lake la majira ya baridi. Mwaka huo wakubwa walipita kwanza na gari la kiwanda wakachagua. Yaliyobaki kumi na moja yalikuwa yamepasuka. Hakuna aliyeyataka, na hakuna aliyeyatupa: chama kilisema kutupa ni kazi ya uongozi, uongozi ukasema ni kazi ya chama. Wakaandikiana barua. Kabichi ikaendelea kuoza.

Siku ile Bosiljka alikuja jikoni kwangu akasimama na daftari kifuani. "Nimebakiza miezi kumi na moja nistaafu, Grozda. Nikikataa, ananifukuza leo, na huo mstari atauandika mtu mwingine."

"Kwa hiyo utauandika?"

Aliuandika. Mstari wa saba, wa mwisho kabisa: yeyote mwingine, kantini. Aliujaribu ukumbini kama kawaida yake, tukasikia simu inalia nyuma ya mlango uliofungwa, kwa mbali, kama mtoto aliyefungiwa. Hakungoja ikatike. Kesho yake akauhifadhi, maana kasoro haukuwa nayo.

Sasa ngojeni mwone tulivyo sisi. Kwenye orodha ya Ratomir wa kwanza alikuwa mzee Gvozden, kumu wake. Kumu kwetu ni yule aliyekusimamia harusini, au aliyemsimamia mwanao ubatizoni. Ni zaidi ya ndugu wa damu. Wazee husema Mungu yuko mbinguni na kumu yuko duniani. Ukimkosea wa duniani, wa mbinguni hakupokei. Basi mkuu wa ghala akasikia kuna orodha, akaleta makumu wake. Mkuu wa magari akaleta wake, na makumu wa mkewe. Akaingia daktari wa meno, padri, mwenyekiti wa wawindaji, msusi wa mke wa naibu. Arobaini ikawa mia, mia ikawa mia tatu. Na walipiga kutaka nini? "Ongezeni joto kidogo, mke wangu anataka kuoga." Huku bibi wa mtaa wa pili analala na koti na kofia. Mji mzima watu wenye haya zao, wakisikia kuna tundu la kupenya, wanasukumana kama nguruwe kwenye hori. Nilikuwa nikipita na sinia nawasikia wakisema "na huyu nimwongeze," natamani kutapika.

Lakini nyani haoni kundule. Mwezi wa Desemba redieta yangu ilipoanza kupoa, mimi Grozda, mdomo huu huu, nilikwenda kwa Bosiljka na kikombe cha kahawa ambacho hakukiagiza.

"Shoga, na mimi niandike."

Alinitazama. Akafungua daftari, akaandika. "Wewe ni wa mia tatu na kumi na mbili."

"Na wewe ni wa ngapi?"

"Mimi simo. Mstari wa saba nimeuandika mwenyewe, nitakaaje nje yake?"

Jioni ile fundi alifika kwangu, akafungua vali, redieta ikaunguruma. Nilipika supu nikala karibu yake. Ilikuwa tamu.

Januari tarehe kumi na tisa, Bosiljka akanijia na karatasi. Lango huandika kila simu iliyopita, nani kapiga, saa ngapi, kaenda wapi. Alikuwa ameizungushia namba moja kalamu nyekundu.

"Huyu mmoja, siku tatu, mara sitini na moja. Zote kantini."

"Mlalamishi."

"Mlalamishi hupiga mara mbili, anatukana, anaacha. Huyu hajaacha. Una ufunguo?"

Funguo zote ninazo mimi. Nilifungua, Mungu wangu! Harufu ilitupiga usoni. Povu la kijivu limefurika kutoka kwenye mapipa, limetiririka sakafuni na kuganda, na funza, ndiyo, funza Januari, kwa sababu chumba kile cha kabichi kilikuwa na joto zuri kuliko nusu ya mji. Simu iko chini, waya umelowa. Nikaziba pua kwa aproni. Tukiwa hapo hapo mlangoni, ikalia. Bosiljka akapita katikati ya uchafu ule na viatu vyake vya ofisini, akainama, akaokota mkono wa simu.

"Kiwanda cha joto, nakusikiliza."

Ikatoka sauti ya mzee, kubwa kiasi kwamba hata mimi niliisikia: "Mama, wewe ni mtu au mashine?"

"Ni mtu."

"Mungu ashukuriwe. Usikate. Tafadhali usikate."

Alikuwa fundi Ljubisav, mchomeleaji mstaafu wa miaka themanini na moja, wa jengo namba kumi na nne, mtaa wa Topolska. Mabomba ya mtaa ule aliyalaza yeye mwenyewe ujanani. Alisema uwanjani kwao theluji imeyeyuka, duara linalokua kila siku, na katikati nyasi ni za kijani wakati kila mahali ni barafu. Chini ya benchi pana ufa unaotoa mvuke. Bomba limetoboka, maji ya moto yamekula udongo.

"Juu ni ganda la mkate, mama, chini hamna kitu. Atakayekanyaga anazama kwenye maji yanayochemka. Nimefunga kamba, nimepanga viti, nasimama pale mwenyewe kuwafukuza watoto, lakini miguu yangu haiwezi tena. Zimamoto wanasema ni bomba la kiwanda. Nimekuja kiwandani, mlinzi akaniambia piga simu. Napiga simu."

"Nimekusikia, fundi Ljubisav," alisema Bosiljka. "Rudi pale, simama. Nakuletea watu."

Alikwenda zamu mbio, viatu vinanuka. Mkuu wa zamu akakuna kichwa: mafundi wote wako nyumbani kwa mkurugenzi, wanamwekea redieta mpya sebuleni, kesho ana slava. Slava ni siku ya mtakatifu wa ukoo. Mshumaa unawashwa, mkate unakatwa, na makumu wote wanakuja bila kualikwa. Tena, alisema, kurekebisha Topolska lazima vali kuu ifungwe, na ikifungwa mtaa mzima unapoa, na humo wamo watu wa orodha. Bila amri ya mkurugenzi haigusi.

Bosiljka akapanda juu. Nikaingia nyuma yake na kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

"Mtu ataungua, mkurugenzi. Ataungua mzima mzima."

"Kesho kutwa."

"Huenda leo!"

"Bosiljka, makumu wangu watatu wanakaa Topolska. Siku ya slava yangu niwaamshe kwenye baridi? Wataniambia nini? Kesho kutwa, nimesema. Huyo mzee si yupo? Aendelee kusimama." Akageukia simu yake, akaanza kupanga nani alete nyama ya nguruwe.

Kwenye ngazi Bosiljka aliniuliza swali moja tu. "Kesho utakuwa kwake?"

"Nitakuwa. Kanichukua nikawapikie kahawa wageni."

"Huzima simu siku ya slava?"

"Azime? Makumu wa mbali wanapiga kumpongeza. Na Meya. Meya asipompata, si atajinyonga?"

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye kabati la chuma na daftari lake.

Tarehe ishirini asubuhi, kwa Ratomir mshumaa unawaka, padri ameshaondoka, meza imejaa nyama na wali uliofungwa kwenye majani ya kabichi, kabichi nzuri, ya yale mapipa ya kwanza. Mwenye nyumba siku hiyo haketi, anasimama kuhudumia wageni, naye alikuwa amesimama na tai shingoni, simu mezani kando ya bakuli la ngano ya mtakatifu, ile ya kuchemshwa ambayo kila mgeni huionja. Ikalia. Akaipokea na meno yote nje.

"Asante, asante, karibuni sana nyum— Nini? Redieta gani? Umekosea namba."

Akaweka. Ikalia. "Nyuzi kumi na moja ndani? Mimi nifanyeje? Umekosea!" Ikalia. Mwanamke mmoja alipiga kelele mpaka wageni wakasikia: "Tangu Novemba! Tangu Novemba napiga!" Nilikuwa nimesimama na sinia najua kinachotokea. Bosiljka alikuwa ameongeza mstari mmoja juu ya ule wa saba: yeyote mwingine, simu ya mkononi ya mkurugenzi. Mji mzima uliokuwa unalilia kabichi sasa ulikuwa sebuleni kwake.

"Ratomir, umefungua dawati la habari?" mgeni mmoja akatania, watu wakacheka.

Ratomir akaigeuza simu kifudifudi. Ikatetemeka, kijiko cha ngano kikagonga bakuli. Akatoka jasho. Kuizima hakuweza, Meya alikuwa bado hajapiga. Ikalia tena, na mzee Gvozden, kumu mwenyewe, aliyeketi mahali pa heshima, akanyoosha mkono akaichukua.

"Nyumba yenye mshumaa wa mtakatifu haiachi mtu akibisha mlangoni," alisema, akaiweka sikioni. Alisikiliza muda mrefu. Alisema "naam" mara mbili. Kisha akamtazama Ratomir.

"Kuna mzee amesimama kwenye theluji analinda shimo lako. Anasema ganda limeanza kupasuka. Anasema tangu jana kiwanda kiliambiwa."

"Kumu, hayo ni mambo ya kazi, leo ni siku ya furaha, kunywa kidogo—"

"Sinywi."

Kumu kukataa glasi siku ya slava! Hata mke wa Ratomir aliacha kutafuna.

"Mimi nakaa Topolska," alisema Gvozden. "Unaniachia joto huku mtu anachemka chini ya dirisha langu? Tuma watu. La sivyo natoka mlango huu, na sirudi, wala jina langu usilitaje tena kwenye mshumaa wako."

Mafundi hata mbali hawakuwa, walikuwa jikoni wanakula. Waliondoka midomo imejaa. Vali ilifungwa saa saba unusu mchana. Saa tisa na dakika arobaini uwanja wa namba kumi na nne uliporomoka wote kwa mpigo, benchi, kamba, viti, shimo la kutosha kuzika gari la mizigo. Maji yalikuwa yamepungua na kupoa, na hapakuwa na mtu. Fundi Ljubisav walikuwa wamemwingiza ndani, miguu yake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Habari ilipofika sebuleni, mnajua Ratomir alifanya nini? Aliinua glasi. "Mnaona? Mkurugenzi hata siku ya slava yuko kazini!" Na watu wakapiga makofi. Walipiga makofi, naapa, na aliyetangulia ni daktari wa meno. Mzee Gvozden peke yake aliweka mikono magotini. Mimi nilikwenda jikoni nikamwaga birika zima la kahawa kwenye sinki, nikapika nyingine, nikawapelekea.

Kesho yake saa moja asubuhi Ratomir alikuwa ameshafika, na simu yake bado inalia mfukoni.

"Nani kafanya?"

"Mimi," alisema Bosiljka, bado hajavua koti.

"Hujuma hii! Nitakupeleka mahakamani!"

"Lango limefanya lilichoandikiwa, mkurugenzi. Kama lilivyofanya tangu Novemba."

Akamwita mlinzi. Bosiljka hakuruhusiwa hata kufika kwenye meza yake. Miaka thelathini na miwili, na mlinzi anamshika kiwiko kama mwizi wa sokoni. Aliponipita ukumbini alinishika mkono. Nilidhani atalilia kustaafu kwake.

"Grozda, sijahifadhi," alisema. "Nilikuwa nihifadhi asubuhi hii. Sijahifadhi."

Wakamwajiri mtaalamu kutoka Niš, mtu mzima mwenye kompyuta mbili. Alilikodolea macho daftari la Bosiljka nusu saa, hakuelewa kitu. Kisha akafanya wanavyofanya wote wasioelewa: akachomoa waya wa umeme, akahesabu mpaka kumi, akachomeka. Lango likaamka na kumbukumbu yake ya kudumu. Mstari wa saba, kantini. Simu ya Ratomir ikanyamaza mfukoni.

"Huyu ndiye fundi," alisema Ratomir, nami nikamtengea fundi kahawa, vijiko viwili vya sukari.

Sasa ni Februari. Napita mbele ya kantini mara nne kwa siku, na mara nne inalia. Ufunguo uko kwenye mfuko wa aproni, unagonga paja. Juzi ililia kwa muda mrefu, ikakatika, ikalia tena, nami nikauingiza ufunguo kwenye kitasa. Harufu ikanijia kupitia tundu. Nikawaza viatu vyangu, nikawaza miaka sita niliyobakiza, nikawaza namba mia tatu na kumi na mbili. Nikauchomoa. Kahawa ya Ratomir ilikuwa inapoa. Nanuka mwenyewe, hata nikioga.

Jumapili nilimpelekea Bosiljka pakiti ya kahawa. Anakaa orofa ya tatu, redieta yake baridi kama jiwe la kaburi, yeye ndani ya nyumba na koti na glavu zilizokatwa vidole. Mvuke wa maneno yetu ulikuwa unaonekana. Mwanasheria anamwambia huenda asipate kitu cha pensheni. Hilo hakulisemea sana. Alichemsha kahawa mwenyewe, hakukubali nimchemshie, akamimina, akaketi mgongo wima.

"Ile simu ya kule," aliniuliza. "Bado inalia?"

"Haa, siku hizi wala," nikasema. "Hailii."

Miaka thelathini na miwili mwanamke yule aliwatambua watu kwa sauti tu. Alinitazama. Akanisogezea kikombe.

"Kunywa, Grozda," alisema. "Itapoa."